Kiti cha Pembeni ya Kocha

Makocha wakuu wote waliopita katika timu ya wasichana ya chuo kimoja cha ufundi pale Dilala, Ntambwe aliwapa jina moja: kinywa. Wa kwanza alikuwa kinywa kilichonuka pombe ya lutuku kuanzia asubuhi. Aliyemfuata alikuwa kinywa cha sala; kabla ya kila mechi aliomba kwa urefu mpaka waamuzi wakatafuta mahali pa kukaa. Na huyu wa sasa, Lucien, aliwapita wote, maana mpira wa kikapu hakuwahi kuucheza hata siku moja. Alitoka Sandoa. Mkurugenzi wa chuo, DG Tata Nkulu, naye alitoka Sandoa, na mtu anayetaka maelezo zaidi ya hayo akaulize mwenyewe.

Ntambwe alikuwa kocha msaidizi. Alianza akiwa kijana mwenye nywele, na sasa nywele zilikuwa zimemuaga lakini usaidizi ulikuwa bado naye. Katika mchezo ule ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kusimama mbele ya benchi, na mtu huyo ni mkubwa. Msaidizi hukaa. Ntambwe alikuwa amekaa mpaka suruali zake zote zikang'aa nyuma.

Kazi yenyewe waliifanya hivi. Ntambwe aliangalia mchezo na kuona kasoro iko wapi. Jicho alikuwa nalo, hilo hata maadui zake hawakulikataa. Kisha alivuta pindo la koti la Lucien. Lucien aliinama, Ntambwe akamnong'oneza sikioni, na Lucien akainuka na kuyapaza maneno yaleyale kwa sauti ya kuamsha mtaa. Wasichana walifanya walivyoambiwa, mpira uliingia, na watu waliimba jina la Lucien. Lucien aliwapungia mkono bila haya.

"Leo tena?" mkewe, Laurentine, alimwuliza kila jioni ya mechi, akiweka ugali wa bukari mezani.

"Leo tena. Mi njo niliona, ye njo alipiga makelele."

"Si uambie bale batoto weye mwenyewe?"

"Kupiga makelele ni kazi ya mutu asiyejua kitu."

Laurentine alimwekea samaki. Alikuwa ameyasikia hayo chini ya makocha wote.

Kilichomchefua Ntambwe zaidi ni jinsi Lucien alivyojipendekeza kwa wachezaji. Msichana akifiwa, Lucien alikuwa wa kwanza kufika kwenye kilio, akakaa chini na wajomba kana kwamba naye amezaliwa katika ukoo ule. Alijua mama ya nani anauza wapi na kaka ya nani amekwenda kuchimba. Ntambwe aliyaita hayo siasa. Yeye wasichana aliwajua kwa namba za migongoni. Abigaëlle, nahodha, alikuwa Saba. Ndaya, yule mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa Kumi na Mbili. Namba haina mama, wala haimwombi mtu ruhusa ya kwenda kulia.

Basi Lucien akaitwa Lubumbashi kwa kazi kubwa zaidi, maana vinywa ndivyo vinavyopanda vyeo. DG akamwita Ntambwe ofisini.

"Tata Ntambwe," alisema, bila kumwonyesha kiti, "siku ya yenga banakuya bale ba Likasi. Mukishinda, kazi ya kocha mukubwa ni yako. Mukipigwa, nitatafuta mutu fasi ingine."

Ntambwe alipanda pikipiki ya abiria mpaka nyumbani akicheka peke yake, na dereva aligeuka kumtazama mara kwa mara. Hakuna kitu alichowahi kukitaka hivyo. Hata Laurentine, siku alipokwenda kumposa, hakumtaka kwa uchungu wa namna ile. Alitaka kusimama. Alitaka watu waone, angalau mara moja, akili ilikuwa inatoka kichwa gani. Alijinunulia koti la bluu, na Laurentine akalipiga pasi kwa uangalifu kana kwamba ni la maiti.

Lucien alikuja kumuaga kwenye mazoezi ya mwisho. "Tata Ntambwe," alisema, "maneno yote ilikuwa inatoka kwako, mi najua. Lakini weka sauti. Bale batoto banasikiaka mutu, habasikiake akili tu."

Ntambwe alimtazama mtu huyu asiyejua hata kudunda mpira, anayethubutu kumfundisha. Alimshukuru kwa upande mmoja wa mdomo.

Jumapili, siku hiyo ya yenga, watu walijaa kuzunguka uwanja wa saruji. Malori ya madini yalipita barabarani na kuacha vumbi ambalo halikuharakisha kutua. DG alikaa mbele na viatu vyake vya kung'aa. Ntambwe alisimama mbele ya benchi katika koti la bluu, na jambo la kwanza aliloligundua ni kwamba hakujua mikono huwekwa wapi.

Mchezo aliuona wote, kama siku zote. Timu ya Likasi ilikuwa na msichana mmoja mrefu aliyeziba njia ya kikapu, na dawa yake ilikuwa rahisi: Ndaya atoke, asimame kwenye kona, yule mrefu atamfuata, na katikati patabaki wazi kwa Abigaëlle. Ntambwe alifungua kinywa.

"Kumi na Mbili, toka wende mu kona," alisema.

Mwamuzi aliyekuwa karibu aligeuka akidhani mtu ameomba maji. Ndaya hakugeuka. Ntambwe alirudia, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile iliyozoea safari fupi ya kutoka mdomoni mpaka kwenye sikio la mkubwa. Likasi wakaingiza mpira, kisha wakaingiza mwingine. Nyuma yake watu walianza kuulizana kwa nini kocha amenyamaza.

Joto likamzidi. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti cha kocha mkuu, na bila kufikiri akakaa palepale makalio yake yalipopajua: kiti cha pembeni. Mara yule mrefu wa Likasi akaziba njia tena. Damu ikamchemka Ntambwe. Akanyoosha mkono, akavuta pindo la koti, akainama, na akalinong'oneza koti lake mwenyewe mpango wote, kuanzia kona mpaka kikapuni.

Benchi zima lilimwona. Msichana mmoja wa akiba alijifunika uso kwa taulo, na mabega yake yakatikisika.

Ntambwe aliona aibu. Alimwonyesha mwamuzi wa mezani ishara ya kusimamisha mchezo, wasichana wakaja wakamzunguka wakihema, na akaanza kusema. Waliokuwa mbele walisikia kidogo. Waliokuwa nyuma waliuliza, "Anasema nini?" Alijikaza, shingo ikasimama mishipa, na sauti haikuongezeka hata chembe.

Abigaëlle hakungoja. Alisogea na kuweka sikio lake karibu na mdomo wa Ntambwe, mahali palepale Lucien alipokuwa akiweka la kwake. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua kichwa.

"Ndaya, toka wende mu kona," alisema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Ule murefu atakufuata. Banamuke, mi napita katikati. Munasikia?"

"Tunasikia," walijibu wote.

Likasi walipigwa. Yule mrefu alimfuata Ndaya kwenye kona kama mbuzi wa kufungwa kamba, na Abigaëlle akapita katikati mpaka akachoka kupita. Mwishowe wasichana walimbeba juu juu, na uwanja mzima ukaimba jina lake. Kutoka huko juu alisema wazi kuwa mpango ulikuwa wa Tata Ntambwe, lakini nani humsikiliza mtu anayebebwa?

DG alikuja akikanyaga vumbi kwa tahadhari. "Abigaëlle," alisema, "si unamaliza masomo mwaka huu? Timu inataka mutu wa kusemesha bantu. Utaikamata?"

Abigaëlle alimtazama Ntambwe. "Nitakubali kama Tata Ntambwe anabakia pembeni yangu."

"Tata Ntambwe, unasema aje?"

Ntambwe alikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kumkumbusha DG ahadi ya ofisini, maana walikuwa wameshinda, na akili ilikuwa yake. Lakini alipomwona yule msichana amesimama mbele ya benchi, miguu imetulia, mikono ikijua pa kukaa, kitu kilimlegea kifuani. Alipata nafuu, na aliichukia nafuu ile. Akajibu.

DG alitega sikio, akakunja uso, akamgeukia Abigaëlle. "Anasema nini?"

"Anasema anabakia," alisema Abigaëlle.

Jioni Laurentine aliweka bukari mezani. Habari alikuwa ameshazipata zote sokoni, hata ile ya koti.

"Na uyu mupya?" aliuliza. "Ni mutu wa namna gani?"

Neno Ntambwe alikuwa nalo tayari, lilelile alilowapa makocha wote. Akamega tonge, akalisema.

Laurentine aliinama juu ya meza, akasogeza sikio.

"Sema kwa nguvu, Tata," alisema. "Mi siko nasikia."