Furaha Tupu

Shuka likilowa halikamuliki vizuri na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, kila mtu anasokota upande wake mpaka maji yaishe. Ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya na wifi yangu, mke wa kaka, nyuma ya nyumba ya wageni, tangu alipoolewa.

Siku hiyo alikuja na begi. Tukakamua mpaka viganja vikaanza kutuuma, ndipo akasema.

"Wifi, namwacha kaka yako."

Nikadhani ni utani wetu wa kila siku. "Mwache, ila shuka usiliachie, litaingia matope."

"Sitanii."

Nikamtazama. Macho yalikuwa yamevimba.

"Amekupiga?"

"Hata kidogo."

"Ana mwanamke?"

"Nani, yule? Akikaa tu kashakoroma, huyo mwanamke atamfuata ndotoni?"

"Basi amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Sina furaha, basi. Naenda kuitafuta."

"Kwa kazi gani? Na nani?"

"Ukishaanza kazi gani, na nani, hayo ni maisha tena. Mimi naitaka yenyewe, tupu."

Sabuni naitaka kwa ajili ya mashuka, mashuka kwa ajili ya mshahara, mshahara kwa ajili ya chakula. Furaha sikujua niipange wapi.

Akavuta shuka kwa nguvu. Mguu ukateleza, nikaketi puu ndani ya beseni la maji. Wifi akacheka mpaka akajishika kiuno. Siku nyingi sijamwona akicheka vile.

"Si hiyo hapo!" nikamwambia, bado nimo ndani ya beseni. "Umefurahi, hukufurahi?"

Akajikagua, kama mtu anayejipapasa mfukoni.

"Nilikuwa nayo. Umeniuliza, imeondoka."

"Sasa huko uendako si utajiuliza mwenyewe kutwa?"

"Labda. Lakini hapa nimechoka, maana jibu nalijua."

Akaniomba nimpelekee kaka habari. Nikakataa. Nimebeba ya kwao ya kutosha, ugomvi, mapatano, salamu za kununiana.

"Atalia," akasema.

"Atalia mbele yako, si mbele yangu."

Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua begi, akaelekea nyumbani kwa kaka kumwambia mwenyewe. Mashuka yaliyobaki niliyafunga ncha kwenye bomba, nikasokota peke yangu. Maji yakabaki ndani, na mkubwa wetu wa kazi akanikunjia uso.

Jioni nilimkuta kaka amekaa kitandani na viatu miguuni. Nyumba imefagiwa, chakula kimefunikwa. Wifi alikuwa ameondoka.

"Amekwambia?" nikauliza.

"Ameniambia vizuri kabisa. Hata sauti hakupandisha." Akainua macho. "Eti sina kosa. Dada, nilimkosea nini?"

"Hukumkosea."

"Bora ningemkosea," akasema. "Ningejua niombe radhi kwa lipi."

Nikamwashia taa. Nikamfunulia chakula.