Nyumba ya Mzee Iweto

Baridi ya Mbumbuni mwezi wa Julai haina adabu. Inapita chini ya mlango, inaingia kwenye soksi, inakaa nawe mezani kama mgeni asiyeaga. Ukungu unashuka kutoka milimani alfajiri na hauondoki mpaka saa sita, na kuna siku hauondoki kabisa. Mimi ni mtu wa Emali, nimezoea jua na vumbi la barabara ya Mombasa. Nilipohamishiwa huku Januari kufundisha darasa la nne, walimu wenzangu waliniambia nitazoea. Sijazoea.

Nilichofanya ni kujitafutia kazi ya mikono. Jioni shule ikiisha najifungia kwenye chumba changu cha kupanga nyuma ya duka la mbegu, nawasha jiko, naacha dirisha wazi kidogo nisife kwa makaa, najifunga shuka na kudarizi. Nilianza na vitambaa vya makochi kama kila mwalimu wa kike nchi hii. Nilipochoshwa na maua ya waridi, nikaanza kitambaa kikubwa cha familia. Wengine huchora mti. Mimi nilidarizi boma: kila mtu na nyumba yake, jina lake juu ya mlango, na vijia vya uzi wa kahawia kutoka nyumba ya mzazi hadi ya mtoto.

Sababu yake haikuwa kupenda historia. Sababu ilikuwa karatasi ya mazishi ya mama.

Mama aliitwa Mwongeli, Mkamba wa hapa hapa Mbumbuni, akaolewa na baba yangu Kihara, Mkikuyu mwenye duka Emali. Alipofariki miaka miwili iliyopita tulichapisha zile karatasi za ratiba zenye picha na wasifu wa marehemu. Tukaandika: "Alikuwa binti wa Mbula na..." Hapo tukakwama. Hakuna aliyejua jina la babake. Mama mwenyewe alipoulizwa alisema alikufa zamani, kisha akainuka kuangalia sufuria hata kama hakukuwa na kitu motoni. Basi tukaacha nukta tatu, na nukta hizo zikachapishwa nakala mia tatu.

Shangazi yangu Wangechi, dada ya baba, tunayemwita Tata, ndiye aliyesoma wasifu pale kaburini. Alifika kwenye zile nukta, akanyamaza, akawatazama watu juu ya miwani, ndipo akaendelea. Maisha yote ya mama katika ukoo wa Kihara, huyu shangazi alimwita "yule asiye na kwao". Hata siku ya kumzika hakumwachilia. Nilisimama pale na udongo mkononi nikaapa nitamtafutia mama yangu baba, na nitamweka mbele ya macho ya Wangechi.

Ukoo wa Kihara hukutana Emali kila Agosti shule zikifungwa. Niliamua kitambaa changu kitatandikwa juu ya meza siku hiyo, babu akiwa na nyumba yake na jina lake.

Nikaanza kuwauliza wazee wa soko kila Jumamosi. Mmoja aliniambia nyanya Mbula alikuwa na ng'ombe wengi. Mwingine akaniambia alikuwa na ng'ombe wengi na mdomo mkali. Nilipogusia baba wa mtoto wake, wote walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Kikamba changu ni cha sokoni: najua salamu, najua bei, najua kukataa nyanya zilizooza. Kama walisema mafumbo, yalinipita.

Mwisho wa Juni karani wa kanisa alinitolea daftari la zamani la ubatizo, pembe zake zimeliwa na mchwa. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Jina la mtoto: Mwongeli. Mama: Mbula. Baba: Iweto. Nililia palepale bila aibu. Karani, ambaye ni mtu wa Nyeri aliyeletwa na kazi kama mimi, alinipa mkono na kunipongeza.

Kwa wiki tatu nilidarizi nyumba ya Mzee Iweto. Niliifanya kubwa kuliko zote, kwa uzi mwekundu, na jina lake nikaliandika kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Kila nikichoma sindano nilimwona Shangazi Wangechi akimeza mate. Nilifurahi vibaya, na sijutii furaha ile, maana ndiyo pekee niliyopata.

Sasa niseme habari za Ndululu. Katika boma la zamani la nyanya Mbula alikuwa amebaki mtu mmoja tu, ajuza wa miaka tisini na kitu, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Tangu utoto tulimjua kama mtu wa kazi wa nyanya. Ndiye aliyepika, ndiye aliyeteka maji, ndiye aliyetuogesha tulipoletwa likizo. Mama alimwita Ndululu, nasi watoto tukamwita Ndululu, bila "mama" wala "susu" ambalo Wakamba humwita nyanya, kana kwamba tulicheza naye kamba. Nyanya alipokufa yeye alibaki jikoni mwake, na hakuna aliyejiuliza kwa nini hakurudi kwao. Jumamosi nilimpelekea sukari na majani ya chai, hasa kwa sababu moto wake ulikuwa mzuri kuliko jiko langu. Alinishikia uzi nami nikauzungusha. Habari za babu sikumuuliza. Nani huuliza mtu wa kazi habari za ukoo?

Jumamosi ya mwisho ya Julai kitambaa kilikuwa tayari. Nikamkunjulia magotini. Hajui kusoma, kwa hiyo alipitisha kidole kwenye vijia, nyumba hadi nyumba, mpaka akafika kwenye ile nyekundu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya babu. Baba ya mama. Nimepata jina yake kanisani. Aliitwa Iweto."

Ndululu alinitazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika ukuta.

"Mwiitu, msichana wangu," akasema alipopata pumzi, "iweto si jina ya mwanaume. Iweto ni mimi."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia. Naye akarudia, kwa Kiswahili chake cha kuokota, na pale kilipomwishia akatia Kikamba polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

"Mbula hakuzaa. Mzee yake alikufa, akamwachia ng'ombe na shamba. Watu wakasema hiyo boma itafungwa. Mbula akasema haifungwi. Akaenda kwa baba yangu na mbuzi, akanioa. Yeye mwenyewe, Mbula. Nilikuwa msichana mkubwa. Mwanamke ameolewa na mwanamke hivyo, ndio anaitwa iweto. Nikazaa Mwongeli, mtoto akakuwa wa Mbula. Kanisani wakauliza baba, Mbula akasema huyu ni mtoto wa iweto, wakaandika hivyo."

"Na baba yake?"

"Baba ni Mbula. Si nimekwambia alitoa mbuzi?"

"Ndululu, nauliza yule mwanaume."

"Huyo alikuwa mtu tu. Alikuja, akaenda. Hakutoa hata kuku, angekuwa baba ya nani?"

Moshi ulinichoma macho, nami nikauachia moshi lawama. Huyu ndiye aliyemzaa mama yangu. Nilikuwa nimekula chakula chake miaka hamsini nikimtuma kama mtumishi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nani aliniuliza?" Alisukuma kuni ndani. "Mama yako alienda shule, akarudi hataki hiyo maneno. Alipoolewa na watu wa Emali akaniambia, mtu akikuuliza, sema wewe ni wa kazi. Nikasema sawa. Ni mtoto wangu."

"Na alipokufa?"

"Nilisikia kwa soko. Wiki ilikuwa imepita."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kumtafutia gari. Tulikuwa na mabasi mawili siku ile, na moja lilirudi na viti vitupu.

"Hiyo siku ya mkutano nitakuja," akasema. "Nione watoto wa mtoto wangu. Nitawaambia mwenyewe Mwongeli hakuwa mtoto wa njia. Mama yake alitolewa mbuzi mbele ya wazee. Watasikia."

Nikamwambia ndiyo. Nilimshika mikono na kumwambia ndiyo mara mbili. Nikiteremka kilima, hata kabla sijafika sokoni, nilikwisha kumwona Shangazi Wangechi akiwageukia wenzake: kumbe hana baba kweli, kumbe hata mama ni yule wa jikoni. Kumpenda Ndululu nilimpenda. Kumwogopa Wangechi kulizidi.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mkutano umeahirishwa, siku haijapangwa. Akasema sawa.

Emali kulikuwa na jua la kukausha nguo kwa nusu saa. Kitambaa kilitandikwa mezani chini ya hema, watu wakakizunguka na simu zao kukipiga picha. Shangazi Wangechi akaja na bakora yake, akavaa miwani, akafuata vijia kwa kidole hadi nyumba nyekundu. Watu wakampisha, maana wanamjua.

"Iweto ni nani?" akauliza.

"Ni babu, Tata. Baba yake mama. Alikuwa mzee mwenye ng'ombe na shamba kubwa Mbumbuni. Alikufa mama akiwa mdogo."

Wakapiga makofi. Shangazi mwingine akanikumbatia. Wangechi hakupiga makofi. Alingoja watu waende kwenye chakula, akanivuta kwa mkono wa blauzi.

"Wakiuru, nimeuza maharagwe hapa Emali zaidi ya miaka hamsini. Unafikiri nilikuwa nauzia Wakamba kwa Kikikuyu?"

Nikageuka kuangalia kama kuna mtu anayesikia.

"Najua iweto ni nini. Hata kwetu ilikuwako. Nyanya yangu mwenyewe alioa mwanamke, na hakuna mtu aliona haya." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa changu. "Yule mama wa Mbumbuni alikuja hapa mara moja, wewe ukiwa tumboni. Alitembea kutoka stendi na kuku mbili. Nikaona sura ni moja. Nikamuuliza Mwongeli, huyu si mama yako? Akaniambia, ni mtu wetu wa kazi. Akamlisha jikoni, mama akaenda zake. Kutoka hiyo siku sikumheshimu Mwongeli. Ati nilimchukia sababu ya baba? Hapana. Mtu akikana mama yake, kwao ni wapi?"

Nikaanza kukunja kitambaa, naye akaendelea.

"Huyo mama alikufa lini?"

"Yuko hai, Tata."

"Yuko wapi?"

"Mbumbuni."

Nilitamani anitukane, kutukanwa nimekuzoea.

"Basi wewe ni Mwongeli kabisa," akasema, akaenda kupanga foleni ya pilau.

Nilirudi Mbumbuni siku mbili baadaye. Ukungu ulikuwa palepale nilipouacha. Nilikwenda moja kwa moja hadi bomani, nimepiga moyo konde kwamba nitamwambia yote: kwamba mkutano ulifanyika, kwamba nilimfanya mwanaume mbele ya watu mia, kwamba kuna mwanamke mmoja Emali aliyemtambua kwa sura miaka yote hii na angempa kiti cha mbele. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilimkuta anachambua mbaazi kando ya moto. Akanisogezea kigoda.

"Ile siku wamepanga?" akauliza.

"Bado, susu," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo, na neno hilo nililitumia kusema uwongo. Alitabasamu na kuinamisha uso kwenye ungo. Akaniambia hana haraka. Wakipanga, nimjulishe siku mbili tatu mapema, apate kuosha nguo zikauke, maana kwa baridi hii nguo hazikauki.