Tuta la Tano

Pale Msalato maji ya ndoo yalikuwa ghali, na Shamila alikuwa na sheria yake isiyo na mjadala: bustani ya kiangazi hunyweshwa maji ya kuoga. Kila mtu huogea ndani ya karai, na karai moja hutosha tuta moja. Kwa hiyo matuta yalilingana na watu wa nyumba: yeye, mumewe Rehani, watoto wawili na mama mkwe, Bi Jaha. Watu watano, matuta matano, miaka yote.

Mwaka huo Rehani akalima manne.

Shamila alihesabu mara mbili, miche ya mboga ya chainizi ikimnyauka mkononi. Bi Jaha yupo. Watoto wapo. Basi anayetolewa ni nani kama si yeye? Na kweli, mwezi mzima Rehani alikuwa akitoka na mkoba wa kazini na kurudi viatu vimejaa vumbi, kana kwamba ghala la shirika alilofanyia kazi limehamia porini. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalishaanza kunguruma. Shamila aliogopa, akakasirika kwa kuogopa.

"Baba Imrani, nani hataoga humu ndani?"

Rehani aliegemea jembe.

"Kama ni talaka niandikie. Usinipe kwa matuta."

"Nililoacha ni langu," Rehani akasema. "Wametupunguza kazini tangu mwezi uliopita, mama Imrani. Niliona aibu kukwambia. Jumatatu naondoka na Bashiri, tuliyepunguzwa naye, tunakwenda Haneti kuchimba madini."

Shamila alivitazama vile viatu. Mwezi mzima mtu wa watu alikuwa akizunguka kutafuta kazi. Huruma ilimshika, lakini haikumshika yote. Aliyeweza kuficha hilo mwezi mzima, angeshindwa kuficha lipi?

"Lima la tano," alisema.

"Maji yatatoka wapi?"

"Karai langu nitaligawa. Chainizi huliwa wiki ya sita. Ikitoa maua hujarudi kuila, nitajua Haneti umepata zaidi ya madini, na nitakufuata huko huko na mama yako."

Rehani alicheka kidogo, akalima. Tuta lake likawa fupi kuliko mengine yote. Shamila aliliona hilo, akamnyang'anya jembe, akalirefusha mwenyewe.