Mauser ya Mzee Godefroid

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe 15 Septemba 1992, baada ya chakula cha mchana, pale Hervé alipopanda juu ya kiti nyumbani kwa baba yake mkubwa Zéphirin, akaingiza mkono darini na kuitoa bunduki ya marehemu babu. Zéphirin alikuwa amekaa mlangoni anapepea makaa kwa kipande cha katoni, maana umeme wa bwawa la Koni ulikuwa haujarudi. Alimwona. Hakusimama.

"Minaibeba, papa," Hervé akasema. "Bakubwa ba jeunesse ya chama banasema kila moya akuye na kintu."

"Beba. Hata mupini ya jembe iko na nguvu kupita ile."

Zéphirin akacheka peke yake, maana bunduki yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Ilikuwa Mauser, kama zile walizopewa askari weusi wa Wabelgiji. Baba yake, mzee Godefroid, alitembea nayo mpaka Abisinia wakati wa vita kubwa ya pili. Siku alipoacha jeshi, mzungu wake alimwambia fundi ayeyushe madini ya risasi ayamwage ndani ya mtutu mpaka uzibe, akate na ile pini inayogonga risasi. Ndipo mzee akapewa aende nayo, iwe ukumbusho. Kila mwaka, siku ya wazee wa vita, alipita nayo begani mbele ya kambi nzima ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi, kifua mbele, na watoto walimfuata wakichungulia mtutu na kuona umezibwa kama jino bovu. Kambini hakukuwa na mtu mzima asiyejua. Hervé mwenyewe alijua.

Basi Zéphirin akaendelea kupepea makaa. Alikuwa na hasira zake nyingine za kutosha. Mwaka uliopita mke wake, Viviane, alifia kwenye dispanseri iliyobaki na vitanda tu, wakati wakubwa wanapeleka wake zao Afrika Kusini kutengenezwa meno. Tangu hapo kila kibaya alichokiona alikitwika kichwani pa wakubwa: umeme, mshahara, bei ya unga, hata matope ya barabarani. Shule aliiacha mapema, lakini kwa hesabu hiyo hakuhitaji mwalimu. Na sasa wakubwa hao hao walikuwa wanasimama kwenye mikutano na kusema njaa ya Likasi imeletwa na watu wa jimbo la Kasai, basi warudi kwao. Viviane alikuwa mtu wa Kasai. Alizaliwa Panda, akabatizwa Panda, Kasai yenyewe hakuiona hata siku moja, lakini ndivyo walivyomwita.

Kesho yake asubuhi jirani wa Zéphirin, mama Martine, alipita na beseni la mihogo, akasema bila kusimama: "Marlène na bwana yake bameenda ku gare."

Marlène alikuwa mdogo wake Viviane. Alikaa mwisho wa avenue ile ile, mtaa wao. Zéphirin alikula kwake kila Jumapili, na mara nyingi alikaa kimya mezani kwa makusudi ili amsikilize, kwa kuwa dada hao wawili walikuwa na sauti moja. Marlène akienda, Viviane angebaki na kaburi tu katika mji huu.

Gare, stesheni ya treni, ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamelala juu ya magodoro pembeni ya reli, na moshi wa vyakula ulikuwa umetanda kama ukungu. Alimkuta Marlène anachagua mchele, watoto wamelala nyuma yake. Bwana yake, Floribert, fundi wa nguo, alikuwa amekaa juu ya mashine yake ya kushona.

"Beau, shemeji, karibu ku salon," Floribert akamwambia. "Unaona vile tuko? Tunafukuzwa na kipande ya bomba. Tukifika kule tukieleza, bantu batasema tunadanganya."

Zéphirin akachuchumaa. "Marlène, ile bunduki imekufa. Rudi kwako."

"Minajua, yaya," Marlène akasema, kwa neno la kumwita kaka mkubwa. "Si minye na Viviane tulikuwa tunaipakala mafuta ya mawese, ili mzee aende nayo ku défilé ya bazee ba vita? Minaijua kupita weye."

"Sasa ulikimbia nini?"

Marlène aliweka sahani ya mchele chini. "Hervé alikuya jana na benzake. Aliniwekea ile chuma hapa." Akagusa kifua. "Akasema, toka. Nilitaka kucheka, yaya, kweli. Nikaangalia mu barabara, nione nani atacheka wa kwanza. Mama Martine alikuwa pale. Papa Alphonse alikuwa pale, mwenye alikuwa anatembea na babako ku défilé. Bote banaijua ile bunduki. Hakuna mwenye alicheka. Njo nikashika batoto."

"Minye nilicheka," Zéphirin akasema. "Wakati aliibeba."

"Ulicheka mu nyumba yako."

Mtoto mmoja akajigeuza, Marlène akampapasa mpaka alale tena.

"Niletee mutu moya," Marlène akasema. "Moya tu wa avenue yetu, wa bale balikuwa pale. Akuye aniambie mu uso kama siku ingine hatanyamaza. Nitarudi na batoto. Bila ile, banasema gari ya moshi itafika Ijumaa. Tutapanda."

Zéphirin alipotoka gare alimkuta Hervé nyumbani kwao, anakula. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani kama fagio.

"Sikupiga mutu, papa."

"Ungepiga na nini?"

"Bakubwa njo balitutuma."

Zéphirin alisogea hadi ukutani penye bunduki. Neno hilo la wakubwa lilikuwa lake. Alilala nalo na kuamka nalo tangu mazishi, na sasa alilisikia kwenye mdomo uliojaa ugali, na lilimfaa kijana vizuri kama lilivyomfaa yeye. Akachukua bunduki, akatoka nayo.

Alhamisi asubuhi alikwenda nayo kwenye bomba la maji la avenue, saa ambayo kila nyumba hutuma mtu. Watu wakasogeza ndoo zao kumpisha. Akailaza juu ya simenti, mtutu umeelekea ndoo.

"Papa Alphonse, chungulia."

Mzee Alphonse alitazama viatu vyake. "Ninachungulia nini? Minaijua."

"Na weye, mama Martine?"

"Papa Zéphirin, ile ni maneno ya bakubwa," mama Martine akasema polepole. "Sisi badogo tungefanya nini?"

"Na minye nilikuwa nasema vile. Lakini mu avenue yetu, Jumanne, hamukukuwa mukubwa hata moya. Ni sisi tulikuwa pale, na chuma ya kufa, na kila mutu alijua. Siombi mupigane. Marlène anangoja ku gare na batoto, na gari itafika kesho. Anataka mutu moya tu, wa kumwambia kama siku ingine hatanyamaza."

Ndoo ya mbele ilijaa, maji yakaanza kumwagika juu ya simenti, na hakuna aliyeiondoa.

"Nani atakuya na minye?"