Chungu cha Norbert

Kwa mara ya tatu tangu mumewe Norbert afe, Georgette alipiga magoti mbele ya mtumbwi mdogo wa mti, ule usiojua ziwa, wa kukamulia ndizi tu, akaanza kukanda. Mgongo ulimuuma kabla hata mikono haijalowa. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Yeye mbivu alikuwa nazo mtumbwi mzima, na alikuwa amezichoka mpaka harufu yake.

Si kwamba kazi ilimshinda. Mji mzima wa Baraka, tangu wavuvi hadi makarani wa pamba, waliijua kasiksi ya Georgette, pombe yake ya ndizi. Hata wale waliokwisha kuonja bia ya chupa kutoka Bukavu walirudi uani kwake wakilalamika kwamba ile ya chupa inajaza tumbo upepo. Alijua kuzifukia ndizi shimoni na kuzipulizia moshi mpaka ziive zote pamoja. Alikanda kwa majani makavu, na maji alitia kwa kuyaonea uchungu, kwa kuwa anayezidisha maji anauza maji. Mtama aliukaanga hadi unukie, akausaga, akaunyunyiza juu ya juisi, kisha akafunika kwa majani ya mgomba bila kubana, maana pombe iliyonyimwa pumzi hupasua chombo na kuaibisha mwenyewe. Na wakati wa kuigawa hakuruhusu mtu kuchota kwa pupa na kuvuruga machicha. Mwenye haraka alimwambia akanywe ziwa.

Lakini hii haikuwa pombe ya kuuza. Ilikuwa pombe ya kumaliza kilio.

Katika ukoo wa Norbert, kijana akioa, mama yake humpa chungu. Hicho ndicho atakachokaribishia watu maisha yake yote. Akifa, chungu kinageuziwa mdomo ukutani, hakioshwi wala hakifutwi, maana wanasema bado kina pumzi ya mwenyewe. Kilio kikifika mwisho, mjane anapika pombe na kuimimina mle, inalala siku mbili, halafu wazee wanakuja kunywa. Ikiwa tamu, marehemu ameridhika, na mjane anaulizwa anataka kwenda wapi. Ikigeuka siki, marehemu amekataa kumwachia. Mjane anapewa nafasi tatu. Zikiisha, anaingia katika nyumba ya ndugu wa mumewe, na hapo maneno yanakwisha.

Georgette alitaka kupanda Fizi, kwa mama yake, kwenye migomba aliyoiacha baba yake huko mlimani. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Uvira. Huku chini kwenye joto hakubakiwa na kitu ila kaburi, na kaburi alikuwa amelilia vya kutosha.

Mara ya kwanza, mzee Mutambo, baba mdogo wa Norbert, alionja, akakunja uso, akatema mlangoni. "Norbert amekataa," alisema, akafuta mdomo. Watu wa jirani walipata la kusema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Georgette mwenyewe aliamini. Alikwenda kaburini akamwuliza mumewe amemkosea nini, akalia mpaka sauti ikakauka.

Mara ya pili ikawa vilevile. Ila safari hiyo juisi ilikuwa nyingi, ikazidi chungu, na iliyobaki aliiweka katika chungu chake cha biashara. Siku ile ile wazee walipokunja uso mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba wavuvi walikuwa wanalamba midomo. Ndizi zile zile, mtama ule ule, mikono ile ile. Georgette alisimama uani na kata mkononi, akaelewa. Norbert hakuwa amekataa kitu. Chungu kilikuwa kichafu tu, kimeganda machicha ya mwaka mzima, na pombe yoyote ingechachukia mle, hata angeipika malaika. Kuelewa huko hakukumpa furaha. Kulimchosha zaidi, kwa sababu sasa alijua, na hakuwa na wa kumwambia.

Alijaribu kwa mama mkwe wake, Mama Immaculée.

"Mama, ile chungu, kama tungeiosha kwanza, kidogo tu..."

"Hapana kuigusa," yule mama mzee alisema. "Ile chungu iko na mutoto wangu ndani."

Na kwake haikuwa kusema tu. Mara kwa mara alikuja akijikongoja na fimbo, akakigeuza chungu kutoka ukutani, akaingiza uso mdomoni mwake, akavuta pumzi. Kisha alikirudisha na kwenda zake bila kuaga. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba anachonusa ni machicha?

Aliyekuwa akimsubiri ni Anatole, karani wa mizani ya pamba, mdogo wake Norbert. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkasirisha Georgette, maana mbaya ungeweza kumchukia ukapumzika. Tangu pombe ya pili alikuwa ametundika koti lake kwenye msumari wa Norbert, nyuma ya mlango. Hakulala pale. Koti tu lililala.

"Shemeji, mi sikuomba hii mambo," alimwambia alipomkuta mtumbwini. "Bazee ndio banataka. Lakini kama iko ya kufanya, tutafanya tu."

"Na Félicité, bibi yako?"

"Félicité iko nanyamaza."

"Na mi nitanyamaza?"

Anatole alitazama viatu vyake. "Bote banazoeaka," alisema.

Georgette aliendelea kukanda. Aliyafikiria maisha yaliyobaki, kando ya mtu wa tutafanya tu, na mwanamke mwingine ananyamaza upande wa pili wa ukuta. Alihisi kama amekwisha kuyaishi yote.

Jumapili watu walikwenda misa. Georgette alisema anachunga juisi isivamiwe na nyuki, na uongo huo haukuwa mkubwa, kwa kuwa nyuki walikuwepo. Sauti za kwaya zilipoanza kusikika kutoka misheni, alichemsha maji, akayatia majivu ya maganda ya ndizi, akaingia ndani. Alikigeuza chungu. Akainua maji ya moto, akayashusha tena.

"Norbert, unisamehe," alisema. "Mi nimechoka."

Akamimina.

Hakuwa ametazamia harufu. Mvuke ulipanda na tumbaku ya kiko, na pombe za jioni zote walizokaa pamoja mlangoni, na Norbert mwenyewe, mzima kabisa, kana kwamba ameinama kuomba kata ya pili. Georgette alilia huku anasugua. Hakuacha kusugua. Maji yalitoka meusi, akamwaga, akatia mengine, mpaka yakatoka meupe. Kisha alikifukiza kwa moshi wa majani makavu, akakianika juani nyuma ya jiko, na watu waliporudi kutoka misa chungu kilikuwa mahali pake, kimejaa, kimefunikwa. Sasa hakukuwa na harufu ya mtu mle. Alijua nani angeligundua hilo kwanza.

Jumanne wazee walikuja. Mzee Mutambo aliketi karibu na mlango, tayari kutema. Anatole alisimama nyuma yao katika shati safi, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Georgette aliondoa majani, akachota ya juu polepole bila kuvuruga, akanywa kwanza kama desturi inavyotaka. Ilikuwa tamu. Labda ndiyo kasiksi bora aliyowahi kupika. Lakini anayefuata mjane ni mama wa marehemu, na neno lake hutangulia la wazee.

Mama Immaculée hakuchukua kata. Aliinama juu ya chungu kama alivyozoea, akaingiza uso, akavuta pumzi. Akakaa hivyo. Mzee Mutambo alikohoa. Mama Immaculée aliendelea kuinama, na Georgette akauona mgongo wake ukipanda na kushuka, ukitafuta. Alitamani kukimbia. Alitamani pia kumkumbatia. Hakufanya hata moja.

Mwishowe Mama Immaculée aliinua uso. Macho yake yalikwenda kwa Georgette, yakakaa hapo. Akapokea kata, akanywa yote.

"Norbert amekubali," alisema. "Mukunywe."

Walikunywa mpaka machicha. Mzee Mutambo aliomba tena, na tena, akasahau kuwa alikuja kutema. Georgette alipoulizwa anataka kwenda wapi, alisema Fizi, na hakuna aliyebisha. Anatole aliingia ndani, akatoka na koti lake mkononi. Alipompita Georgette alishusha pumzi ndefu, na Georgette akatambua kwamba naye pia alikuwa amefunguliwa.

Jua lilipopoa, wanawake wawili walikibeba chungu hadi ziwani, kwa sababu kilio kikiisha ndipo chungu huoshwa na kurudishwa kwa mama. Mama Immaculée aliingia majini hadi magotini.

"Uliosha na nini?" aliuliza.

Georgette aliona kwamba kukana ni kazi bure. "Na maji ya moto, Mama. Na majivu. Kisha moshi."

"Aa."

"Mama, unihurumie. Nilijua uko nakuja kumunusa mule. Nilijua."

Mama Immaculée alichota mchanga, akautia chunguni.

"Wakati baba yake Norbert alikufa," alisema, "mi pia nilipika. Mara tatu. Mara tatu ikaharibika. Mi nilikuwa nataka kurudi kwetu Mboko, nilikuwa kingali musichana. Bakasema amenikataa. Bakanipa mudogo wake, baba ya Anatole." Alisugua kidogo, akapumzika. "Kila siku nilikuwa nauliza ule marehemu, nilikukosea nini? Mpaka leo niko namuuliza."

Georgette alisogea karibu yake majini. Alimshika mkono ili asiteleze.

"Sikujuaka," Mama Immaculée alisema, "kama ilikuwa uchafu tu."

Akainama tena, akaendelea kukisugua kwa mchanga chungu ambacho tayari kilikuwa safi.