Sema Mimi

Loveness huyu ninayemsema ni binti wa jirani yetu hapa Old Moshi, na Kiingereza chake nimemfundisha mimi. Nasema hivyo kwa sababu nina hasira. Siku nyingine ningesema tumefundishana.

Tumebeba mizigo ya wageni mlimani misimu mingi, na mwaka jana wote wawili tukapata leseni ya kuongoza. Kampuni moja ya utalii pale mjini ikatangaza nafasi ya kiongozi mwanamke. Nafasi moja tu. Jamani, niliitaka! Shingo yangu imechoka kubeba mahema ya watu.

Tukakubaliana tuombe wote, atakayepata apate. Jioni tukikata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, namfanyia usaili. Namwambia kwa Kiingereza ajieleze. Loveness anaanza: baba yake ni nani, ukoo gani, anasali usharika upi.

"Wee! Hawaji kuposa hao," namkatiza. "Wanataka kujua wewe umefanya nini. Sema 'I'. Ukisema 'we' wanadhani ulisimama pembeni wenzako wakifanya kazi."

"Si nitakuwa najisifu, dada Aika?"

"Jisifu! Ndivyo Kiingereza kinavyotaka."

Akacheka, ameziba mdomo kwa kiganja. Kwetu anayejisifu anasemwa mpaka kwenye kwaya. Sifa zako anakusemea mwenzako, wewe unakaa kimya na kuangalia chini, kama binti anayeposwa.

Siku ya usaili nilitangulia mimi. Mezani walikaa Bi Violet, mwenye kampuni, na mzungu mmoja mwenye ndevu. Wakaniuliza kuhusu siku ngumu kuliko zote mlimani. Jibu nilikuwa nalo, tena nilishalirudia mara nyingi mbele ya Loveness kihambani. Mama mmoja mgeni alizidiwa karibu na kambi ya Barafu, midomo imebadilika rangi, kiongozi wetu yuko mbele na wengine. Niliyesema tushuke sasa hivi ni mimi. Mgeni akakataa, nikamfokea, nikamweka mgongoni nikashuka naye. Loveness alishika mikoba, akilia njia nzima.

Haya, nikafungua mdomo. "We decided to go down," nikasema. "We carried her." Nilijisikia kabisa nikisema "we", nikataka kurekebisha, lakini ile "I" ikakataa kutoka. Bi Violet ni mtu wa rika la mama yangu, nimemwamkia shikamoo mlangoni sasa hivi. Ningeanzaje kujipigia debe mbele yake? Nikaongeza kwamba Loveness alikuwa hodari sana. Nilimsemea, nikijua akiingia naye atanisemea.

"Na wewe mwenyewe ulifanya nini?" Bi Violet akauliza, bado kwa Kiingereza.

"I helped," nikasema. Nilisaidia! Mungu wangu.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Loveness akaingia, na kila neno nikalisikia. "I decided. I carried her on my back." Sauti yangu kabisa, mpaka pale ninapopumzika kuvuta pumzi. Akaeleza alivyomfokea mgeni, alivyomtuliza, alivyoteremka naye. Jina langu halikutajwa hata mara moja. Nilitaka kugonga lile dirisha, nikabaki nimeshikilia sketi yangu.

Hawakutuweka sana. Bi Violet alitoka, akampa Loveness mkono, kisha akanigeukia kwa upole.

"Tunatafuta anayejiamini, mwanangu. Wewe ni msaidizi mzuri."

Tulipofika barabarani Loveness akanikumbatia. "Dada Aika, nimesema vile vile ulivyonifundisha! Hata 'we' moja haijanitoka."

"Yule mama ulimbeba wewe?"

Akaniachia. Aliangalia viatu vyake, akaangalia barabara. "Si ulisema nijisifu?" akasema kwa sauti ndogo. Kisha, akitaka kunifurahisha: "Safari yangu ya kwanza nitakuombea uje. Nitahakikisha wanakupa mzigo mwepesi."

Nikaongeza mwendo, nikamwacha nyuma. Ningefungua mdomo, ningemtukana.

Nyumbani mama alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori. Hakungoja hata nikae.

"Mmepata?"

"Tumepata," nikajibu, kwa mazoea tu.

Akatupa kisu, akatoka uani akipiga vigelegele, na majirani wa juu wakaitikia. Ikabidi nimkimbilie nimshike mkono.

"Mama, acha. Amepata Loveness. Mimi nimekosa."