Mkono wa Kinyozi Wepukhulu

Wepukhulu, kinyozi wa Kisumu Ndogo, alivunjika mkono wa kulia Jumapili baada ya ibada, watu wakingoja chai. Alikuwa ameweka kiwiko mezani kupimana nguvu na Trizah, muuza dagaa wa omena. Mfupa wa juu ya kiwiko ukalia kama ukuni mkavu. Trizah akamwachilia.

"Pole," akasema. "Nilidhani hata hujaanza."

Hospitalini Wepukhulu alisema ameteleza. Wakamfunga plasta, na siku kumi baadaye wakamtuma Kawangware kwa Kalondu, fundi wa vifaa vya kushikilia viungo. Trizah alimsindikiza bila kuombwa. Kalondu aliinua picha ya eksirei dirishani.

"Uliteleza wapi?"

"Bafuni."

"Mfupa umesokotwa kama nguo inayokamuliwa."

"Ni mimi," Trizah akasema.

Kalondu akaandika hivyo kwenye faili.

Aliitoa plasta, akamvalisha vipande viwili vya plastiki vilivyobana kati ya bega na kiwiko kwa mikanda ya kunata. "Uvimbe utapungua, kwa hivyo kaza kila asubuhi. Kiwiko usikiegemeze popote. Uzito wa mkono wenyewe ndio utanyoosha mfupa. Na ulale ukiwa umeketi."

"Na hiki?" Kiganja kilikuwa kimelegea, hakiinuki. Maumivu Wepukhulu aliyazoea, lakini kinyozi asiyeinua kiganja angeshikaje mashine?

"Neva imeumia. Nyingi hurudi zenyewe. Yako bado sijui." Akakifunga kiganja kifaa kingine cha kukiinua.

Kukaza mikanda kwa mkono wa kushoto kulimshinda Wepukhulu. Trizah akawa anapitia kwake kila asubuhi kabla ya kupanga omena. Wiki ya kwanza Wepukhulu hakumsalimu. Wiki ya pili alisema, "Legeza kidogo." Trizah hakulegeza.

Wiki ya saba, kifaa cha kiganja kikiwa kimevuliwa ili aoshwe, Trizah alisimama ghafla.

"Kidole gumba kimeinuka."

"Umekisukuma."

"Sijakigusa."

Wakakikodolea macho. Kikainuka tena, kidogo sana. Wepukhulu akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Trizah akaendelea kukaza mkanda ambao alikuwa ameshaukaza.

Wiki ya kumi na mbili picha ilionyesha mfupa umeshika, umepinda kidogo.

"Kupinda huko nitakuona mimi tu," Kalondu akasema, akavua plastiki. Mkono ulikuwa mwembamba, wa rangi ya majivu. Akamwambia ainue kiganja. Kiliinuka, kikatetemeka, kikakaa.

Miezi miwili baadaye, baada ya mazoezi ya kila siku, Wepukhulu alifungua tena kibanda chake cha kunyolea. Trizah ndiye aliyeketi kwanza, akasema anataka nywele fupi. Kazi ya dakika kumi ilichukua saa nzima, na upande mmoja ukabaki juu kuliko mwingine. Trizah alijitazama kwenye kioo, akasema ni sawa, akaenda kuuza omena.